Jumamosi ya Mferejini

Joram Oduor hakupatana na lami. Watu wa Ahero waliisifia barabara kuu ya Kisumu kana kwamba wao ndio walioimwaga, lakini yeye alishikilia kwamba barabara ile ni ya wenye injini, na mwenye baiskeli akiipanda ni kwa hisani tu. Mwenye nguvu mpishe, na lori lina nguvu. Lilikuja nyuma yako likipiga honi, wewe ukajitosa mtaroni na gunia lako, na utingo akatoa kichwa dirishani akutukane juu ya hasara uliyokwisha kuipata. Joram alitumbukia hivyo mara nyingi katika ujana wake. Mara ya mwisho alivunjika mkono, na ulipopona haukunyooka sawasawa. Tangu hapo akaapa kwamba yeye na lami basi.

Akatafuta njia zake mwenyewe. Nyuma ya boma lake ulipita mfereji mkuu wa skimu ya mpunga, na kwenye ukingo wake palikuwa na njia pana iliyoshindiliwa zamani kwa ajili ya gari la mkaguzi. Mkaguzi alikuwa haji tena. Gari liliharibika au mafuta yaliisha, serikali inajua yenyewe. Njia ikabaki ya baiskeli, ya ng'ombe na ya wanawake wenye mizigo. Ukiifuata mpaka mlango wa maji wa mwisho unaingia kwenye miwa, unatokea nyuma ya Rabuor, unapita kati ya nyua za minyaa kijiji baada ya kijiji, unavuka kijito kwenye daraja la magogo, na kwa mbali unaanza kuona mabati ya Nyalenda, mtaa wa pembeni mwa Kisumu. Joram alikuwa akisema unaweza kutoka Ahero ukafika Kisumu usisikie honi hata moja. Ilikuwa safari ndefu kuliko ya lami, na wenye haraka walimcheka. Yeye aliwajibu kawia ufike, na kwamba hospitali zimejaa watu waliokuwa na haraka.

Kazi yake ilikuwa kubeba. Alibeba mchele, akabeba samaki, akabeba akina mama wa soko walioketi upande kwenye keria huku wakimsimulia mambo ya waume zao. Lakini abiria wake wa kwanza kwenye njia zile alikuwa binti yake, Elsie, mtoto pekee aliyewabakia yeye na mkewe Anyango. Tangu akiwa mdogo mpaka akamaliza sekondari, Joram alimpakia asubuhi na kumpeleka hadi kwenye ule mlango wa maji wa mwisho, kwa maana shule ilikuwa ng'ambo yake. Mtoto alikumbatia vitabu vyake na kuuhoji mgongo wa baba yake njia nzima.

"Baba, kwa nini hawa ndege weupe wanafuata ng'ombe?"

"Kwa sababu ng'ombe hapigi honi."

Jioni Joram alirudi pale pale kumngoja. Mashambani mle mlikuwa na mifereji mingi, mikubwa kwa midogo, lakini katika nyumba ya Joram ukisema "mferejini" ulikuwa na maana ya mahali pamoja tu.

Kisha Elsie akawa mtu mzima na kupata mchumba. Na kati ya wanaume wote wa Nyanza, alimpata Gordon, dereva wa lori. Joram alidhani anadhihakiwa. Alisimama uani mbele ya majirani akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, kwamba mtu wa lori hatakanyaga boma lake, na atakayemfuata mtu wa lori asirudi. Asubuhi yake Elsie alitembea na mfuko wake mpaka kwenye lami, akapanda lori la Gordon. Maneno yakishatoka hayamezwi tena.

Ikapita miaka miwili. Habari zilikuja vipande vipande, na hakuna kipande kilichokuwa kizuri. Gordon alikuwa amehamia upande wa Malaba, ana mwanamke mwingine. Elsie alikuwa Nyalenda akifulia watu nguo. Halafu wakasema amekonda. Miaka hiyo ya mwanzo wa tisini watu walikuwa wakikonda na kufa, na watu wa Kano, kwao Joram, walishusha sauti wakasema ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko, kwa sababu jina ambalo hospitali iliupa ugonjwa huo liliwatisha zaidi. Joram alilisikia neno hilo likisemwa juu ya mtoto wake. Mara kadhaa alifikisha mchele ukingoni mwa Nyalenda, akashusha mguu mmoja, akayatazama mabati, kisha akageuza baiskeli. Alikuwa akimtaka mtoto wake kuliko alivyotaka kula, ila alikuwa na haya, na mwenye haya hajui mlango wa kuingilia.

Anyango hakumficha. "Wewe ndiye ulimfukuza," alimwambia, "na wewe ndiye utamrudisha. Mimi nataka mtoto wangu akiwa hai, Joram."

Alhamisi moja, mvua ya masika ikiwa imeanza, akaja Khaemba. Huyu alikuwa Mbukusu mchangamfu aliyenunua mchele Ahero na kuuza Nyalenda, na Dholuo yake, lugha ya Wajaluo, iliishia kwenye salamu. Alimkuta Joram ameipindua baiskeli anaziba pancha.

"Mzee, niko na message ya msichana yako."

Mikono ya Joram ilisimama. "Msichana yangu gani?"

"Si uko na mmoja tu? Elsie. Anasema yeye ni mgonjwa, anataka kuja nyumbani. Anasema ukuje Saturday asubuhi na baiskeli. Atakungoja mferejini."

"Alisema hivyo? Mferejini?"

"Mferejini. Amerudia tena ndio nisisahau."

Joram aliketi chini, kwenye tope, kama mtoto. Mferejini! Alikuwa hajasahau. Angeweza kusema langoni, angeweza kusema stejini Ahero, lakini alichagua pale ambapo baba yake alimngoja miaka yote ya shule. Joram alilipokea neno lile kama msamaha, na usiulize kama alilala vizuri siku zile mbili. Anyango alilia, akacheka, akatoa samaki aliyemkausha kwa ajili ya wageni, akafua shuka ambazo zilikuwa safi.

Jumamosi umande ukingali majanini Joram alikuwa ameshafika kwenye mlango wa maji. Alikuwa amefunga mto wa kitanda kwenye keria kwa mpira, maana mgonjwa hakai juu ya chuma. Alipiga hesabu zake: Elsie angekuja na gari la kwanza hadi Ahero, angetembea polepole na kupumzika, kwa hiyo mtu asiwe na wasiwasi. Waliopita walimsalimu. "Oyawore, Joram, unangoja nani?" Naye akajibu kwa kila mmoja, kwa fahari isiyofichika, "Namngoja Elsie wangu."

Jua likapanda. Waliokwenda sokoni walirudi wakamkuta palepale, na safari hii hawakuuliza, jambo lililomuuma zaidi kuliko swali. Mchana mvua ikanyesha. Joram alivua koti akaufunika ule mto, yeye akalowa. Mwanamke mmoja alimwita aingie kwake anywe chai, akakataa, akaogopa Elsie asije akapakuta patupu. Ngoja ngoja huumiza matumbo; ilipofika saa ya ng'ombe kurudi, tumbo la Joram lilikuwa limejaa hasira tupu, na chini ya hasira palikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka kukitazama.

"Amenilipa," alimwambia Anyango nyumbani. "Amenisimamisha mbele ya watu wote, kama nilivyomsimamisha."

"Labda hawezi kutembea. Enda Nyalenda."

"Nimeitwa mahali, nimeenda. Nikienda Nyalenda nitaambiwa nini tena? Anajua njia."

Anyango aliinuka. Kisha akamfunika samaki kwa sahani, na hakumsemesha mumewe juma zima.

Khaemba aliporudi kununua mchele hakuwa mchangamfu. Hata salamu hakutoa.

"Mzee, wewe ni mtu wa aina gani? Msichana amekungoja siku nzima na wewe hukuenda."

Joram aliruka. "Mimi ndiye sikwenda? Mimi nililowa pale mferejini mpaka jioni! Uliza kijiji chote!"

"Mferejini gani? Mimi natoka huko. Mama Kageha anayeuza maji ameniambia hukuonekana."

"Anayeuza maji..." Joram alirudia. "Khaemba, mfereji uko wapi Nyalenda?"

"Si pale kwa Kageha? Mfereji. Ya kuchota maji. Alinionyesha na kidole, akasema, mwambie baba nitamngoja hapa mferejini."

Hapa. Neno hilo dogo Khaemba alikuwa ameliacha njiani, wala usimlaumu. Nani angedhani lina kazi? Mtu wa Nyalenda akisema mfereji anasema bomba la maji, lile la kupangia foleni na mitungi tangu alfajiri. Mfereji wa mpunga hajauona, na hana haja nao. Mtu wa skimu naye hana bomba. Baba alingoja kwake na mtoto akangoja kwake, siku moja, mvua moja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amekataa kuja.

Joram hakumuaga hata mkewe; alimwachia Khaemba amweleze. Alipanda baiskeli akaushika ukingo wa mfereji, lakini huko mbele alikutana na wanawake wanaorudi, wakamwambia kijito kimefurika, magogo ya daraja yamekwenda na maji. Hapo Joram aligeuza usukani akaenda kupanda lami. Malori yalikuja nyuma yake yakilia, naye hakujitosa mtaroni hata mara moja. Wenye magari walimtukana, wakamkwepa. Alipiga pedeli, ule mkono uliopinda ukiushikilia usukani, na kama angekufa siku ile angekufa akiwa na deni la kumwambia mtoto wake neno moja, na hilo ndilo lililomwogopesha, si magurudumu.

Bomba la Kageha lilikuwa pembeni mwa kijia chenye tope, na Kageha mwenyewe, Mmaragoli mnene mwenye leso kichwani, alimtambua kabla hajajitaja.

"Wewe ni Baba Elsie. Mnafanana mapua." Hakutabasamu. "Alikaa hapa hapa tangu asubuhi, juu ya huu mtungi. Watu wanachota maji wanaenda, yeye yuko tu. Mvua ikanyesha, nikamwambia ingia ndani. Akakataa. Akasema baba yake ana haya, asipomwona atageuza baiskeli arudi."

Joram aliugusa ule mtungi. Kumbe mtoto alimjua hivyo.

Elsie alikuwa chumbani mwa Kageha. Hospitali ilikuwa imempokea siku chache ikamrudisha, ikisema akatunzwe nyumbani, na Kageha akamtunza kwake kwa kuwa hakuwa na nyumbani kwingine. Joram aliingia, akamtafuta binti yake katika yale mablanketi, akamwona macho kwanza. Mengine yote yalikuwa yamepungua.

"Baba," alisema Elsie. "Nilifikiri umekataa."

Joram alipiga magoti. "Nilikuwa mferejini, mtoto wangu. Kwetu, pale kwenye mlango wa maji. Nilikuwa na mto. Nilikaa mpaka ng'ombe wakarudi."

Elsie alimgeukia. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Joram akaogopa, mpaka alipotambua kwamba anacheka.

"Mfereji ya mpunga! Baba! Huko ningefika na miguu gani?"

Wakacheka wote watatu, Kageha akiwa mlangoni ameziba mdomo kwa leso, na kicheko cha Elsie kikageuka kikohozi kirefu, na cha Joram kikageuka kilio. Aliomba msamaha kwa maneno mafupi, kwa sababu marefu hakuwa nayo. Alisema kinywa chake kilikosea mbele ya majirani, na kwamba hakuna siku iliyopita bila kujuta.

"Wacha, Baba," Elsie alisema. "Mimi nilishakuja siku ile. Ni vile tu wewe ulikuwa kwa mfereji ingine."

Hawakuweza kuondoka siku hiyo. Kageha alijaribu kuwatafutia matatu, lakini makanga walipomwona mgonjwa wakasema gari imejaa, ingawa mtu angeweza kuhesabu viti vitupu. Hawakutaka afie ndani. Elsie mwenyewe alisema hataki gari. "Nipeleke na njia zetu," alimwambia baba yake. Mvua ikatulia, jua likawaka, na wapitao wakasema kijito kinavukika kwa miguu. Asubuhi Kageha alimkalisha Elsie kwenye keria, safari hii miguu ya Elsie ikiwa imepanuliwa kama ya mwanamume, akachukua leso yake akamfunga kiunoni pamoja na baba yake, kama mama amfungavyo mtoto mgongoni.

"Enda pole pole," alisema, akageuka haraka kwenda kwa mitungi yake.

Elsie alikuwa mwepesi kuliko mzigo wowote ambao Joram aliwahi kuubeba, na alikuwa amebeba hata kuku. Walipita kati ya nyua za minyaa, na watoto wakawapungia mkono. Kwenye kijito Joram alijifungua leso, akakivuka akiisukuma baiskeli huku amemshika Elsie kwa mkono mmoja, maji yakimfika magotini, Elsie akisema angalia usinidondoshe, akijaribu kutania. Ng'ambo walijifunga tena. Waliingia kwenye miwa, ambako huwezi kusikia kitu ila majani na cheni ya baiskeli yako mwenyewe.

"Baba, huku hakuna kelele."

"Hakuna."

"Kule kwa lami nilikuwa nasikia malori usiku yote. Hapa naweza lala."

"Lala basi. Nitakuamsha tukifika kwa mama yako."

Aliegemeza kichwa kwenye mgongo wa baba yake. Joram akaendesha taratibu, akikwepa mashimo yote, na alikuwa akiyajua yote. Moyo wake ulikuwa na furaha, na hilo lisemwe wazi. Alikuwa anampeleka mtoto wake nyumbani, na mtoto alikuwa amemsamehe. Alianza kupanga jinsi watakavyomlisha uji wa wimbi, jinsi atakavyomtoa jua la asubuhi uani.

Miwa iliisha, wakatokea kwenye mlango wa maji wa mwisho. Joram alikuwa ameutunza mzaha wake tangu Nyalenda.

"Nyara, binti yangu," alisema, "sasa huu ndio mfereji. Si ule wako wa mitungi."

Akangoja acheke. Magurudumu yakazunguka, maji yakapita. Alimwita jina, kisha akamwita tena, taratibu zaidi. Aliacha kupiga pedeli, na baiskeli ikaserereka yenyewe kwenye ukingo ule wa tambarare, na mgongoni pake hapakuwa na pumzi, palikuwa na uzito tu.

Hakushuka. Alijua akishuka atalazimika kuifungua leso, na akiifungua hatakuwa na nguvu ya kumpandisha tena. Kwenye lami polisi wangemsimamisha, umati ungejaa, mtu angeuliza maiti ni ya nani. Hapa hakuna aliyemuuliza. Wazee wake walimfundisha kwamba kilio cha mtu huanzia bomani mwake, si njiani, kwa hiyo Joram akauma meno, akaanza tena kupiga pedeli.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga alisimama kando awapishe. "Joram! Umempata mtoto?"

"Nimempata."

"Mbona kimya? Amechoka?"

"Amelala, Mzee."

Akawapita na wanawake wa mpunga, wakamsalimu Elsie kwa jina, na Joram akaitikia kwa niaba yake. Mbele akaona paa la nyumba yake, na Anyango akiwa uani anaanua nguo. Anyango aliinua uso. Kwa mbali vile aliona baiskeli, akaona vichwa viwili, na shuka zikamwanguka mikononi. Akaanza kukimbia kuja mferejini, mikono juu, akipiga vigelegele, na majirani waliosikia wakatoka mashambani wakaitikia vigelegele vyake.

Joram alishika breki. Akaweka miguu yote miwili chini, akausimamisha mgongo wake wima ili kichwa kile kisiteleze, akafumbua kinywa kumwambia, kisha akakifumba. Akamwacha mkewe apige vigelegele mpaka pumzi imwishie.